Jiwe la Kifuani

Kaburi lilikuwa linang'aa.

Arot aliliona wakati gari lake likiwa bado kwenye kona ya mwisho ya korongo, na moyo ukaanza kumwenda mbio hata kabla akili haijamwambia kwa nini. Kaburi la mawe, tena la jangwani, litang'aa kwa lipi? Rundo lile lilikuwa limekaa chini ya ukuta mwekundu wa Korongo la Nasuroi tangu zama ambazo hakuna aliyezikumbuka, likila jua na vumbi, na siku zote lilikuwa na rangi ya vumbi. Leo lilimetameta jiwe kwa jiwe, limepangwa vizuri kama vyombo vya bibi harusi.

"Simamisha," alimwambia dereva.

"Daktari, bado hatujafika."

"Nimesema simamisha gari!"

Alishuka na kukimbia. Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza, mafuta ya mkia wa kondoo yaliyochanganywa na ngeu, ule udongo mwekundu. Wanawake wa ukoo walikuwa wamejipanga pembeni, mikono myekundu hadi viwikoni, wote wanatabasamu, na mmoja wao alipomwona akapiga kigelegele. Mama yake, Mama Akal, alijitokeza mbele akijifuta mikono kwenye shuka, uso umemjaa fahari.

"Umeona, mwanangu? Tulisema wageni wasije wakamkuta babu yenu mchafu. Tumeyatoa mawe ya juu yote, moja moja. Tumeyaosha, tumeyaanika, tumeyapaka mafuta, tumeyarudisha. Mgongo wangu huu nausikia mwenyewe."

"Mmeyaanika juani," Arot alisema.

"Sasa tuyaanike wapi? Mafuta hayashiki kwenye jiwe lenye maji."

Arot akakaa chini, pale pale mchangani. Wanawake wakaangaliana. Walimjua tangu akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, wakamjua aliporudi na shahada na vifaa vyake vya ajabu, lakini hawakuwahi kumwona akikaa chini namna ile, mdomo wazi, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Na kwa kweli hakuna aliyekosea. Kwa watu wale, kumpaka mtu mafuta ndiyo heshima yenyewe. Hupakwa bibi harusi, hupakwa mtoto mchanga, hupakwa mzee anayeagana na dunia. Kaburi la mkubwa wa ukoo likaguliwe na serikali bila kupakwa mafuta? Aibu hiyo angeibeba nani? Ila nyuma ya lile gari, ikiwa imezungushiwa magodoro, kulikuwa na mashine iitwayo kisomajua, na kwa mashine ile mama zake wale wema walikuwa wameua mashahidi kwa mafuta na tabasamu.

"Mama, sikiliza," alisema. "Jiwe likifunikwa, upande wake wa chini huanza kuhesabu giza, mwaka baada ya mwaka. Likisubiri miaka elfu, limehesabu elfu. Lakini likipigwa na jua, hata kufumba na kufumbua, hesabu yote inafutika, linaanza upya. Na jasho la mkono wa aliyeliweka, lile lililojificha kwenye vitundu vyake, mkiliosha linakwenda na maji."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mawe haya yote yatasema yamewekwa jana. Na mikono itakayoonekana ni yenu."

Fahari ikamshuka Mama Akal usoni polepole. Akaitazama mikono yake.

"Wewe nawe!" Sauti ilitoka nyuma yao. "Hujafika, hata maji hujanywa, umeshaanza kumliza mama."

Alikuwa Ebei, kaka yake Arot, mwenyekiti wa kisima, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Akamshika dada yake mkono na kumwinua. Alikuwa anacheka. "Mpeni daktari wetu maji. Jua limempanda kichwani."

"Ebei, hili si jambo la kucheka."

"Nani anacheka? Yameoshwa, yameoshwa. Tutafanyaje sasa, tuyarudishie uchafu?"

Arot hakupata nafasi ya kumjibu, kwa sababu gari la Tume ya Maji lilikuwa limefika.

Tangu ziwa likauke na Sheria ya Wafu ipitishwe, maji ya chini ya ardhi yalikuwa mali ya wale ambao wafu wao ndio wa kwanza kulala mahali pale. Si mwenye cheti, si mwenye uzio, wala si mwenye bunduki. Wafu ndio waliokuwa hatimiliki. Wabunge waliipigia makofi sheria ile, na tangu siku hiyo Arot, ambaye alisomea mambo ya kale kwa sababu alipenda ukimya wa watu waliokwisha kufa, hakuupata tena ukimya huo. Kila kaburi lilikuwa na mwanasheria.

Kamishna Mwakio aliteremka kwanza, mtu mnene mpole aliyechoka kuamua magomvi ya marehemu. Nyuma yake akashuka mwanamke mzee, mwembamba, midomo imepasuka kwa chumvi. Huyu alikuwa Sepenya, msemaji wa watu wa ziwani. Ziwa lao siku hizi lilikuwa uwanja mweupe wa magadi. Zilibaki familia chache kwenye mahema ya msaada, zikiletewa maji na droni, siku droni zikikumbuka. Watu hawa walidai kwamba korongo lilikuwa lao zamani za kale, kabla ya ukoo wa Arot kufika na ng'ombe wao. Ukoo nao ulisema aliyelala pale ni Lokwel, babu yao wa kwanza, na mwenye ubishi amuulize yeye.

Sepenya alilizunguka kaburi. Akagusa jiwe kwa kidole, akanusa.

"Mafuta," alisema. "Wametuoshea ushahidi."

"Chunga mdomo wako!" Mama Akal alimjia juu. "Tumemheshimu mfu wetu. Nyinyi wenu mnawaheshimu vipi?"

"Huyu ndiye wetu."

Hapo ndipo kelele zilipozuka, kila mtu anasema, hakuna anayesikiliza, na mwanamke mmoja akaanza kuvua viatu ili apigane vizuri. Kamishna aliinua mikono yote miwili mpaka wakanyamaza.

"Sheria naisema mara moja tu," alisema. "Jiwe lisiposema kitu, mwenye makazi anabaki na maji yake. Jiwe likisema, tunafuata lilichosema. Na mwenye makazi akikataa jiwe lisisomwe, nitahesabu kwamba amekiri si lake. Daktari Arot, kuna jiwe lolote hapa ambalo halijaguswa?"

Arot alihisi macho ya kaka yake yakimchoma shavuni. Hapo tena Ebei hakuwa anacheka.

"Liko moja," alisema. "Jiwe la kifuani."

Wanawake wakaguna. Chini kabisa ya rundo, juu ya mfu mwenyewe, kulikuwa na jiwe jeusi bapa ambalo kwa mila huwekwa na mtoto wa marehemu, na baada yake haligusi mtu tena, milele. Hata katika uoshaji ule wa fahari hawakuthubutu kuligusa. Walikuwa wameosha mpaka wakalifikia, wakalifunika kwa ngozi, wakageuza nyuso na kurudisha mengine juu yake.

"Haliinuliwi," alisema Ebei haraka. "Kamishna, hilo ni mwiko. Hata wao wa ziwani wanajua ni mwiko."

"Tunajua," Sepenya alisema. "Na mimi naomba liinuliwe."

"Kwa nini umkubali dada yangu alisome? Huyu ni binti yetu, damu yetu!"

"Nikimkataa nitampata nani? Mashine ziko mbili nchi nzima, na ya pili imekufa." Akamgeukia Arot. "Labda kwao walimlea vizuri."

Wote walimsubiri Mama Akal, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba. Alisimama akiangalia kaburi alilolihudumia tangu aolewe, midomo inacheza bila sauti. Arot alijua anamwomba msamaha Lokwel.

"Liinuliwe," hatimaye alisema. "Nani atamsemea babu kama si jiwe lake? Lakini liinuliwe na mikono ya nyumba hii. Wewe na kaka yako. Mgeni asiliguse."

* * *

Hema lilikuwa jeusi, vitambaa vitatu kimoja juu ya kingine, likafunika kaburi lote. Nje jua la adhuhuri lilikuwa linachoma mpaka mijusi imejificha. Ndani kulikuwa na taa moja nyekundu, hafifu, ya kuonea mikono tu. Wengine wote walibaki nje. Arot alikuwa amewaeleza kwamba pumzi za watu wengi zinaharibu jasho la kale, kwa hiyo mpaka jiwe liingie kwenye kasha na mfuniko ufungwe, wawili tu ndio watakaokuwa ndani, wamevaa barakoa na glavu. Baada ya hapo kamishna na Sepenya wataingia, na mashine itasoma mbele yao. Kusoma ni mara moja tu. Mashine huliamsha jiwe kwa mwanga wake yenyewe, jiwe linatoa hesabu yote, kisha linabaki tupu.

Waliondoa mawe ya juu kimyakimya. Mafuta yaliteleza kwenye glavu. Walipofikia ngozi, Ebei aliikunja pembeni, na mara hiyo mikono yake ilikuwa na adabu kabisa.

"Tusamehe, babu," alinong'ona.

Jiwe lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Walilibeba pamoja, wakalilaza ndani ya kasha la mashine, upande wake wa chini ukiwa juu. Arot akachukua sindano ya kuonjea. Kabla ya kusoma, mashine lazima ionje chembe kutoka ukingoni, ijue jiwe ni la aina gani, ijipime. Kuonja hutoa makisio tu, yasiyo ushahidi mbele ya Tume, na wasomaji wengine hawaangalii hata skrini wakati huo. Yeye aliangalia. Kazi yake ilimzoeza hivyo.

Chembe ikaingia. Mashine ikavuma kidogo. Namba zikapanda kwenye skrini nyekundu, zikapanda tena, na hazikuonyesha dalili ya kutulia.

Ukoo wake ulihesabu vizazi mpaka kwa Lokwel, na vizazi vile hata ukivinyoosha vipi havikufika miaka mia tano. Namba zilipita mia tano. Zikapita elfu. Zilisimama zilipovuka elfu tatu.

Bado ilibaki sehemu ya mkono. Wiki iliyotangulia pande zote mbili zilitoa mate yao kwenye vichupa, na sasa mashine ilikuwa inalinganisha. Upande wa korongo, hakuna. Upande wa ziwa, ndio. Chini yake likatokea neno moja zaidi, ambalo hakulitarajia kabisa: mtoto.

"Nini?" Ebei aliuliza.

Arot aliinamia skrini.

"Arot, nakujua uso wako hata ukivaa magunia. Nini?"

"Si Lokwel."

Ebei alisogea akatazama skrini. Hakuwa msomi wa mambo yale lakini hakuwa mjinga. Alizisoma namba, kisha akaketi juu ya mawe yaliyopakwa mafuta, mzito, kama mtu aliyepigwa gotini.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Sikujua. Nilishuku. Babu alikuwa akilewa anasema mambo. Kwamba tulipofika humu tulikuta kisima kimechimbwa. Tulikuta moshi." Akavua barakoa, na Arot hakuwa na nguvu ya kumkataza. "Kwa nini unafikiri mama zetu walipata wazo la kuyaanika juani?"

Arot akamgeukia.

"Wewe?"

"Uliniambia mwenyewe, kwenye simu. Ulikuwa umefurahi sana na mashine yako, ukaniambia kaka, mwanga kidogo tu unafuta kila kitu. Basi nikawaambia kina mama, wageni wanakuja, babu ni mchafu. Sikuwaambia zaidi. Wao wamefanya kwa moyo mweupe." Alijifuta jasho. "Na lingekwisha pale pale. Jiwe hili hakuna ambaye angeliuliza. Ukafungua mdomo wako!"

"Niliulizwa."

"Uliulizwa! Wewe ni mtoto wa nani, Arot? Wa Tume?"

Nje sauti ya kamishna ikasikika, ya upole, karibu na pazia. "Daktari, tuko tayari?"

"Bado kidogo," Arot alijibu. Akashangaa sauti yake ilivyotulia.

Ebei alisimama. Alisema kwa kunong'ona, haraka haraka, na kila neno lilikuwa kweli, hilo ndilo lililokuwa baya. Nyumba zaidi ya mia. Zahanati waliyoijenga kwa kuuza ng'ombe zao wenyewe. Pampu iliyomuua baba yao, kwa sababu baba yao alishuka kisimani kuitengeneza na kamba ikakatika. Mama yao, na umri ule, na miguu ile, akalale wapi? Kwenye hema la msaada, akisubiri droni?

"Sikwambii useme uongo," alisema. "Sikwambii ubadilishe chochote. Hilo pazia lina kamba, na kamba iko karibu na mkono wako. Vuta. Sekunde moja. Sema imekatika, sema mimi nimejikwaa, nitapigwa mimi. Jiwe litanyamaza, na jiwe likinyamaza tunabaki. Hakuna atakayekufa, dada yangu. Hao wa ziwani wamezoea kukosa. Sisi tukitolewa hapa tutakufa."

Arot aliitazama kamba. Na tusimsingizie utakatifu: mkono ulikwenda. Uliishika. Alimwona mama yake akishuka kwenye lori na sufuria zake mbele ya hema jeupe, akitafuta kivuli na kivuli hakipo, na alitamani kuvuta kamba ile kuliko alivyowahi kutamani jambo lolote duniani. Maisha yake yote aliwaambia wanafunzi kwamba ukweli hauna ndugu. Ni rahisi kuyasema hayo kwenye ukumbi wenye feni.

Akatazama tena kasha. Chini ya taa nyekundu, palepale mashine ilipoonyesha, pembeni mwa jiwe, kulikuwa na madoa hafifu ya jasho. Vidole, kila upande. Vilikuwa vidogo na vilikuwa vimebana sana, kwa sababu jiwe lile ni zito, na lilikuwa zito vilevile siku ile. Mtoto alikuwa amekataa kusaidiwa. Au hakukuwa na mtu wa kumsaidia. Alilibeba peke yake akaliweka juu ya kifua cha mama au baba yake, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa, na watu wazima wakarundika mawe yao juu, na tangu hapo jambo hilo halikuwa na shahidi mwingine popote pale chini ya jua ila jiwe hili.

Akaiachia kamba.

"Siwezi," alisema. Machozi yalikuwa yanaingia ndani ya barakoa. "Ebei, siwezi. Nikivuta, huyu mtoto hakuwahi kumzika mtu."

"Mtoto amekufa! Amekufa miaka elfu tatu!"

"Ndiyo. Na hana mwingine wa kumsemea."

"Na mama yetu ana nani?"

Kaka yake hakusubiri jibu. Aliruka kuelekea kwenye pazia. Arot hakujaribu kumzuia, mwili ule asingeuweza. Alijitupa upande wa pili, juu ya kasha, akaubamiza mfuniko kwa nguvu zake zote na vidole vyake viwili vikiwa bado ukingoni. Akasikia mfupa ukilia. Akavichomoa, akasukuma komeo, na wakati huohuo kamba ikakatika, vitambaa vyote vitatu vikaanguka, na jua la adhuhuri likamwagika ndani lote kwa pamoja.

Hakuona kitu. Alisikia watu wakipiga kelele, akasikia kamishna akiuliza kuna nini, kuna nini jamani, na yeye akabaki amelikumbatia kasha lile la chuma, mkono unavuja damu juu ya mfuniko, akijiuliza kama komeo liliingia kabla ya mwanga au baada yake.

* * *

Lilikuwa limeingia kabla.

Mashine ilisoma mbele ya wote, pale pale kwenye jua, mfuniko umefungwa. Kamishna Mwakio alisoma matokeo kwa sauti, polepole, akarudia mara ya pili kwa ajili ya wazee wasiosikia vizuri. Alipomaliza, pampu tu ndiyo iliyosikika kule juu, ikivuta.

"Nani aliyeangusha hema?" aliuliza.

Arot alifungua mdomo bila kujua atasema nini, lakini Ebei alimtangulia.

"Mimi. Na kuosha mawe ni wazo langu. Kina mama hawakujua, msiwaguse. Na huyu," alimwonyesha dada yake bila kumtazama, "huyu hana lake. Huyu ni mtu wenu." Akanyoosha mikono yake miwili mbele, na askari wa Tume akamfunga.

Mama Akal aliangalia mwanawe akiongozwa kwenye gari. Wanawake wa ukoo walianza kumpa Arot migongo, mmoja baada ya mwingine, na aliyepiga kigelegele asubuhi akatema mate mchangani karibu na kiatu chake. Hakuna aliyemfunga vidole vyake. Alivibana mwenyewe ndani ya shati.

Sepenya alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha. "Mtoto wa umri gani?" aliuliza.

"Mdogo," alisema Arot. "Vidole vyake vyote vinaingia kwenye kiganja changu."

Mwanamke yule alitikisa kichwa mara nyingi, kama anayesikiliza mtu mwingine. Kisha kamishna akamuuliza lile swali ambalo sheria ilimlazimu kuuliza. Maji ni yenu. Hawa waliopo, wabaki au waondoke?

Hapo Arot alijikuta anamwomba kwa macho. Alikuwa ametoa kila alichokuwa nacho, na mtu akitoa hivyo huamini moyoni kwamba atarudishiwa kidogo. Tutashirikiana, ndivyo alivyotaka asikie. Maji yapo mengi, tutachota kwa zamu. Ingekuwa hadithi ya kusimulia watoto, ingekwisha hivyo.

Sepenya alizitazama nyumba, akaitazama zahanati, akawatazama wanawake wenye mikono myekundu.

"Sisi tulitoka humu tukiwa wengi," alisema. "Tulifika ziwani tukiwa wachache, na hakuna aliyetuuliza kama tuna watoto. Nina wajukuu wanaokunywa chumvi. Maji ya pampu hii nimeambiwa yanatosha nyumba mia, hayatoshi mia mbili." Akainuka. "Waondoke. Mahema yetu tutawaachia."

Mlio ukatoka kwa wanawake, mlio wa chini, bila maneno. Kamishna alisema sheria inawapa mpaka mvua zipite. Hakuna aliyemsikia.

"Wafu wenu msiwachimbe," Sepenya aliendelea, na sasa alikuwa anamtazama Mama Akal peke yake. "Waacheni walale. Tutawawekea mawe, kama mlivyowawekea wetu."

Wanawake wale wawili wazee walitazamana juu ya kaburi lililo wazi. Mama Akal alikwenda akaiokota ile ngozi iliyokunjwa, akaikung'uta vumbi, akamfunika nayo mfu ambaye hakuwa wake, akaibana pembe zote nne vizuri. Kisha akageuka, akapita katikati ya wanawake wenzake waliogeuza migongo, akaja akasimama mbele ya binti yake. Arot alisubiri laana. Alikuwa amejitayarisha kwa laana.

"Kesho uje mapema," mama yake alisema. "Kufungasha vyombo si kazi ya mtu mmoja, na kaka yako hayupo."